Tarehe Haina Nuksi, Dada: Tuliyojifunza Kuhusu 27 Agosti



Wiki mbili zilizopita aliingia dukani kwetu biharusi mmoja kuja kujaribu gauni kwa mara ya pili. Siku hiyo kwa kawaida huwa ya vicheko. Biharusi huja na dada zake na mashoga zake, huyu anasema mkono ubanwe, yule anasema mkia uongezwe, na sisi tumeshika pini midomoni tunaitikia kwa kichwa. Lakini huyu alikuja peke yake. Akakaa kwenye kiti, mkoba mapajani, akasema: "Dada zangu, naomba msiendelee kwanza. Huenda tarehe ikabadilika."

Tulishtuka. Tukadhani posa imevunjika. Tukamletea maji, tukaacha cherehani, tukakaa naye.

Kumbe posa haina neno. Tatizo ni tarehe yenyewe, 27 Agosti. Shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo na ambaye neno lake ndani ya ukoo ni zito, alitumiwa ujumbe kwenye simu. Ujumbe huo umeorodhesha matukio yaliyotokea duniani tarehe 27 Agosti: Unguja ilipigwa mizinga, mlima wa moto uliua maelfu ya watu, mfalme wa Uhabeshi alifariki. Mwisho ukamalizia kwamba tarehe hiyo ina damu. Basi shangazi akaapa kwamba hamtoi mtoto wake siku ya damu.

Sasa tutazame hali ilivyo. Ukumbi umeshalipiwa. Mpishi amechukua pesa za mwanzo. Sare za watu arubaini tumeshazikata, nyingine zimeshashonwa. Bwana harusi anafanya kazi Oman, amepewa likizo ya wiki tatu tu na tiketi ameshakata. Wakiahirisha, ni mpaka likizo yake ijayo, yaani mwaka mzima. Na yote hayo kwa sababu ya orodha iliyosambazwa na mtu asiyejulikana.

Sisi si masheikh, wala si walimu wa historia. Tumesoma mpaka kidato cha nne, kisha tukaenda kozi ya ushoni. Lakini jambo hili lilituuma, tukaanza kusoma na kuuliza. Tuliyoyapata tunayaleta hapa, maana tunajua huyo biharusi hayuko peke yake.

Orodha ilisema kweli, lakini haikusema yote

Tuanze kwa uadilifu. Yaliyoandikwa kwenye ujumbe ule ni kweli.

Ni kweli kwamba tarehe 27 Agosti 1883, mlima wa Krakatoa, ulioko baharini baina ya Java na Sumatra, ulipasuka. Watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi wao wakichukuliwa na mawimbi. Mlio wake ulisikika mpaka kisiwa cha Rodrigues, karibu kilomita 4,800 kutoka mlimani, ndani ya bahari hii hii yetu ya Hindi. Mwaka uliofuata, mawe yake mepesi yenye vitundu, yale yanayoelea juu ya maji, yalifika mpaka fukwe za Zanzibar.

Ni kweli pia kwamba Mfalme Haile Selassie alifariki Addis Ababa tarehe 27 Agosti 1975. Na ni kweli kwamba Unguja ilipigwa mizinga tarehe hiyo mwaka 1896. Hilo la kwetu tutalirudia.

Lakini aliyeandika orodha alichagua ya kutisha tu, mengine akayaacha. Tarehe 27 Agosti 1928, mataifa 15 yalikutana Paris yakatia saini mkataba wa kuahidi kwamba hayatatumia tena vita kutatua ugomvi wao. Ahadi haikudumu, tunajua, lakini siku ile watu walikaa kutafuta amani. Tarehe 27 Agosti 1859, huko Titusville, Pennsylvania, kisima cha Edwin Drake kilitoa mafuta, na biashara ya mafuta ya Marekani ikaanzia hapo. Biharusi wetu alicheka aliposikia hili, maana mchumba wake anafanya kazi kwenye kampuni ya mafuta. Na tarehe 27 Agosti 2003, sayari ya Mars ilikaribia dunia kuliko ilivyowahi kukaribia kwa takriban miaka 60,000, watu wakatoka nje usiku kuitazama.

Sasa, kama tarehe ina damu kwa sababu ya vita vya 1896, mbona haina amani kwa sababu ya mkataba wa 1928? Mwaka una siku 365 na dunia ina umri mrefu. Chukua tarehe yoyote unayoitaka, utakuta ndani yake msiba, vita, ugunduzi na mtoto aliyezaliwa. Ukitafuta tarehe ambayo hakuna mtu aliyelia, utazeeka hujaolewa.

Dakika zile za Unguja

Hili la kwetu lina uzito zaidi, kwa sababu ni damu ya watu wa hapa.

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896. Khalid bin Barghash akaingia kasri na kujitangaza sultani bila ya ridhaa ya Waingereza, ambao wakati ule Zanzibar ilikuwa chini ya himaya yao. Wakampa muda wa kuondoka mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Hakuondoka. Muda ulipokwisha, meli tano za kivita zilizokuwa bandarini zikaanza kupiga mizinga. Baada ya dakika arubaini hivi, kila kitu kilikuwa kimekwisha. Upande wa Khalid watu kiasi cha 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Kijerumani, baadaye akapelekwa Dar es Salaam. Vitabu vya dunia vinaviita vita vifupi kuliko vyote katika historia.

Hao 500 walikuwa na mama zao na wake zao. Kuna nyumba za Unguja zilizokaa eda kwa sababu ya asubuhi ile. Hatulitaji kwa mzaha.

Lakini tutazame jambo moja. Makombora yale yaliangukia wapi? Yaliangukia ufukweni pale pale mbele ya Beit al-Ajaib na Forodhani. Sasa niambieni, maharusi wetu wanapigia wapi picha? Pale pale. Jioni jua likizama, biharusi na shela lake, bwana harusi na joho lake, na bahari nyuma yao. Hatujawahi kusikia shangazi akisema pale mahali pana damu. Kama mahali palipomwagika damu tunapakubali kwa sababu pazuri, kwa nini tarehe ya kwenye kalenda tuiogope?

Na lipo jingine ambalo orodha haikulitaja. Mchana wa siku ile ile aliwekwa sultani mwengine, Hamoud bin Mohammed. Mwaka uliofuata, 1897, chini ya shinikizo la Waingereza, alitia saini amri ya kuondoa utumwa kisheria Zanzibar. Amri hiyo nayo ilikuwa na upungufu mkubwa ambao sisi wanawake tunapaswa kuujua: masuria hawakuingizwa. Wao walisubiri mpaka 1909. Kwa hiyo ukimuuliza aliyefiwa na mwanawe kasri, 27 Agosti ni siku nyeusi. Ukimuuliza mtumwa wa shamba aliyeachiwa mwaka uliofuata, huenda akakwambia kwake mlango ulianza kufunguka siku hiyo. Na suria angekuuliza, "Mimi na siku hiyo tunahusiana nini?" Siku ni moja, kila mmoja ana habari yake.

Kwa kalenda yetu hata hazikutani

Tulipofika hapa tukajiuliza: hii 27 Agosti ni ya kalenda gani? Ni ya kalenda ya jua. Sisi Waislamu mwaka wetu tunauhesabu kwa mwezi. Basi tukakaa tukahesabu.

Krakatoa ilipasuka mwaka 1300 Hijria, mwezi wa Shawwal, yaani Mfungo Mosi. Mizinga ya Unguja ilipigwa mwaka 1314 Hijria, mwezi wa Rabiul Awwal, yaani Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Baina yao ni miezi mitano! Matukio mawili ambayo shangazi anaambiwa yamekutana tarehe moja, kwa kalenda ya Kiislamu hayakukutana hata mwezi. Kilichoyakutanisha ni namna ya kuhesabu tu. Ukibadilisha kalenda, na hiyo nuksi inahama. Nuksi gani hiyo inayofuata karatasi ya ukutani?

Dini imeshalisema

Jambo hili halikuanza na simu zetu. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa wakirusha ndege. Akiruka upande huu, safari ni njema, akiruka upande ule, wanarudi nyumbani. Kwa Kiarabu kutabiri mkosi kunaitwa *tiyara*, neno linalotokana na ndege. Na sisi Waswahili mpaka leo tukiona dalili mbaya tunasema "ndege mbaya." Mtume (S.A.W.) alikataza imani hiyo, na katika hadithi hiyo hiyo akautaja mwezi wa Safar, ambao watu walikuwa wakiuogopa.

Mwezi wa Shawwal nao waliuogopa, hasa kwa ndoa. Walisema anayeolewa Shawwal hapati kheri. Bibi Aisha (R.A.) ametusimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alifunga naye ndoa Shawwal na akamwingiza nyumbani Shawwal, kisha akauliza ni mke gani aliyepata nafasi kubwa kwa mumewe kuliko yeye. Tena alikuwa akipenda wanawake wa jamaa zake waingizwe kwa waume zao mwezi huo. Mama wa waumini hakuiogopa nuksi ya watu, aliikanyaga. Na kumbuka, huo ndio mwezi ambao miaka mingi baadaye Krakatoa ilipasuka.

Kisa kingine hutugusa kila tukikisoma. Mtoto wa Mtume (S.A.W.), Ibrahim, aliyezaliwa na Bibi Mariya, alifariki akiwa bado ananyonya. Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim. Fikiria baba mwenye uchungu wa mtoto, na watu wanampa heshima kubwa kama hiyo. Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili miongoni mwa alama za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Mambo mawili makubwa yalikutana siku moja, na bado Mtume alikataa yafungwe pamoja. Sisi ni nani mpaka tufunge ndoa ya binti wa leo na mlima wa 1883?

Shangazi wa biharusi wetu naye si mjinga. Alileta hoja: "Mbona Qur'ani imetaja siku za nuksi?" Ni kweli, imezitaja, katika habari ya watu wa Adi walioangamizwa kwa upepo. Tukamuuliza ustadhi wetu wa madrasa ya wanawake. Akatwambia: soma Suratul Haqqa, upepo ule ulivuma masiku saba na siku nane. Siku nane zinamaliza wiki nzima na kupita. Kama siku hizo zingebaki na nuksi milele, basi isingebaki siku hata moja ya kuolea, wala ya kusafiri, wala ya kufungua duka. Nuksi ilikuwa juu ya Adi kwa walichokifanya. Kwa Nabii Hud na walioamini pamoja naye, siku hizo zilikuwa za kuokoka.

Na hata siku kubwa tunazozijua zina pande mbili. Tarehe 10 Muharram, Ashura, Mwenyezi Mungu alimuokoa Nabii Musa na watu wake, na Mtume (S.A.W.) akaifunga na kuamrisha ifungwe. Tarehe hiyo hiyo, mwaka 61 Hijria, mjukuu wake Hussein (R.A.) aliuawa Karbala. Ijumaa, siku bora ya wiki, ndiyo aliyoumbwa Nabii Adam, na ndiyo aliyotolewa Peponi. Nani atathubutu kuiita Ijumaa siku ya nuksi?

Kosa letu wenyewe

Tusijifanye wema. Fundi aliyetufundisha kushona alikuwa hakati kitambaa Jumatano ya mwisho ya Mfungo Tano, na sisi tulimfuata miaka mingi bila kuuliza.

Kubwa zaidi ni hili. Miaka kadhaa nyuma, biharusi mwengine alitaka kuahirisha harusi yake kwa sababu ilikuwa imeangukia mwezi wa Safar. Alituomba ushauri. Tulikuwa tunajua la kusema, lakini tuliogopa kumuudhi mteja na mama yake. Tukasema, "Nyinyi ndio mnaojua." Harusi ikasogezwa miezi minne. Bibi yake, mzee mgonjwa aliyekuwa akingojea siku hiyo na kanga zake ameshazitoa sandukuni, alifariki katika miezi hiyo minne.

Tafadhali tusielewane vibaya. Bibi hakufa kwa sababu harusi iliahirishwa. Ajali yake ilikuwa imeandikwa. Tukisema vingine tutakuwa tumerudi kwenye kosa lile lile la kufunga mambo yasiyofungamana. Lakini angeiona harusi. Kanga zile angezivaa. Tulinyamaza kwa ajili ya biashara, na jambo hilo bado linatukaa moyoni. Ndiyo maana safari hii hatukunyamaza.

Basi tarehe ichaguliwe vipi?

Hatusemi usichague. Chagua, tena kwa makini, lakini kwa sababu zenye mguu:

- Tazama masika. Kama shughuli ni uwanjani kwenye hema, mvua ya Aprili haina huruma.
- Tazama hesabu ya siku zako za mwezi. Hili wengi wanaona haya kulisema, lakini ni haki yako ulizingatie, na familia iliheshimu.
- Tazama nafasi ya bwana harusi na ya wazazi wa pande zote mbili, hasa wazee na wagonjwa.
- Tazama mfuko. Harusi ya mwezi ambao wengi wanaoa, ukumbi na mpishi hupanda bei.
- Tupe mafundi muda. Gauni la mkono lenye shanga halishonwi kwa siku tatu, jamani.
- Swali istikhara, omba dua, kisha utulie.

Na ukitaka kusikia maneno mazuri, sikia. Mtume (S.A.W.) alikuwa akipenda neno jema lenye kutia matumaini. Wapo mashangazi wenye maneno hayo pia. Badala ya kusambaza orodha za vifo, tusambaze dua ya kuombea maharusi baraka.

Neno kwa mashangazi na mama zetu: tunajua ni mapenzi. Mnamuogopea mtoto. Lakini hofu mnayomtia kabla ya ndoa ataingia nayo ndani. Siku akigombana na mumewe kwa chumvi ya mchuzi, atasema ni ile tarehe. Siku mimba ikitoka, atasema ni ile tarehe. Hatatafuta suluhu wala daktari, na atailaumu tarehe aliyofungwa nayo. Huo mzigo msimtwishe.

Imeishia wapi?

Biharusi wetu alichukua haya yote akaenda kukaa na baba yake, na baba akamwita dada yake. Hatukuwapo. Tunachojua ni kwamba juzi shangazi mwenyewe aliingia dukani, hakutusalimia kwa bashasha sana, akasimama katikati ya duka akasema: "Nipimeni. Lakini nataka mikono mirefu na kifua kisibane."

Tukampima. Alipokuwa anatoka akatuuliza kama ni kweli Bibi Aisha aliingizwa Shawwal. Tukamwambia ni kweli. Akasema, "Haya," akaenda zake. Hatujui kama moyo wake umetulia kabisa. Lakini atakuwepo, na kwa biharusi hilo ndilo lililokuwa la muhimu.

Gauni limebaki upindo wa chini na vifungo vya mgongoni. Tarehe ni ile ile, 27 Agosti.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awabariki yeye na mwenzake, awakusanye katika kheri, na awajaalie maharusi wetu wote siku zao, tarehe yoyote iwayo, ziwe za utulivu na rehema. Amin.

Wassalamu alaykum.